Mbuzi hawakutajwa kwenye tangazo

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27 Mei 2021, tangazo la kuhama lilitukuta macho. Kwa siku tano hakuna aliyekuwa amelala vizuri Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, kwa sababu tangu volkano ya mlima Nyiragongo ilipopasuka Jumamosi ya tarehe 22, ardhi ilikuwa ikitetemeka mchana na usiku, kuta zilikuwa zimefanya nyufa, na watoto walikuwa wamezoea kulala na viatu miguuni. Tangazo lilitaja kartie, yaani mitaa mikubwa, 10 kati ya 18 za mji wetu ambazo wakaaji wake walitakiwa kuondoka mara moja, na Majengo, ninakoishi na familia yangu, ilikuwa miongoni mwake. Tuliambiwa tubebe vitu vichache na tusirudi mpaka turuhusiwe. Nilisikiliza mpaka mwisho nikingoja neno moja kuhusu mifugo, sikulisikia. Nje ya dirisha mbuzi wetu sita walikuwa wakilia, kwa kuwa saa yao ya kupewa majani ilikuwa imekaribia.

Niliiahirisha habari hii kwa miaka mitatu, kwa sababu kila mara tunapoongea kuhusu 2021 tunaongea kuhusu waliokufa, kuhusu watoto waliopotezana na wazazi wao barabarani na kuhusu nyumba zilizofunikwa, na mtu akitaja mbuzi au mbwa huonekana kama anayewakosea heshima marehemu. Mimi nimefikia kuamini kinyume chake. Katika mji kama wetu, anayepanga safari ya watu akasahau wanyama wao hajawapangia watu hao safari yoyote, kwa maana wengi wao hawataondoka, au wataondoka kisha watarudi hatarini kabla ya wakati. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na nyumbani kwangu mwenyewe.

Nianze na usiku wa kwanza, kwa sababu ndio unaonisumbua zaidi. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni mbingu ya upande wa kaskazini ilipobadilika rangi na kuwa nyekundu kama ndani ya jiko la makaa. Hakuna onyo lililokuwa limetufikia. Tulikimbia na watoto, na mama mkwe wangu tukiwa tumemshika mikono, tukielekea Kyeshero, na mbuzi tuliwaacha wamefungwa kamba shingoni ndani ya kibanda kama tulivyowafunga kila jioni. Sikufikiria kuwafungua. Nililikumbuka jambo hilo tulipokuwa tumeshafika mbali, nikasimama katikati ya umati, na mume wangu akanivuta mkono. Usiku ule wote niliona kwa mawazo kamba zile sita.

Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na tuliporudi Jumapili asubuhi tuliwakuta mbuzi wazima, wamechafuka na wana kiu. Wenzetu wa vijiji vya wilaya ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji, hawakuwa na bahati hiyo. Mama mmoja wa Buhene, ambaye tunasali naye, alikuwa na nguruwe watatu katika banda alilolifunga kwa kufuli kwa sababu ya wezi, na ufunguo ulikuwa kwa mwanawe mkubwa ambaye jioni ile alikuwa mjini. Aliniambia kwamba nyumba yake ya mbao haililii sana, kwa kuwa mbao hununuliwa tena, lakini nguruwe jike yule alikuwa minervali, yaani karo ya shule, ya watoto wawili kwa mwaka mzima, na alimsikia akipiga kelele mpaka yeye mwenyewe alipolazimika kuondoka. Alinieleza hayo akiwa ameinamisha kichwa, na sikupata neno la kumjibu.

Tangu hapo nimelifikiria sana jambo la kamba na kufuli. Mnyama aliye huru hujitafutia njia. Mara nyingi huhisi moto na moshi mapema, hukimbia kuelekea kwenye hewa safi, na baadaye huweza kukamatwa. Aliyefungwa hana nafasi hiyo. Kwa hiyo, hata kama muda ni wa dakika moja tu na hakuna njia ya kumchukua mnyama yeyote, dakika hiyo inatosha kukata kamba na kuacha mlango wazi. Najua kinachotufanya tufunge: wizi ni mwingi Goma, na anayeacha banda wazi usiku huamka bila kuku. Lakini ufunguo unaweza kutundikwa ndani ya nyumba mahali ambapo kila mtu mzima anapajua, na fundo la kamba linaweza kuwa la aina inayofunguka kwa kuvutwa mara moja, badala ya yale mafundo yetu yanayohitaji meno na kisu. Hilo halihitaji msaada wa shirika lolote.

Wazee wanaokumbuka tarehe 10 Januari 1977 husema kwamba lava ya mwaka ule ilishuka kwa kasi ambayo mtu aliye mlimani asingeweza kuishinda kwa miguu. Hata tembo waliokuwa msituni walifunikwa nayo, na baadaye miamba ilibaki na mashimo yenye umbo lao. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, lava ilipita katikati ya mji wenyewe hadi ikaingia ziwani, na mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, nchini Rwanda. Wengi walirudi baada ya siku chache tu, wakikanyaga miamba iliyokuwa bado ya moto. Watu wa mbali walishangaa wakauliza kwa nini hawa hawaogopi. Mtu aliyeacha nyumba bila mlango, na kuku, na mbuzi mwenye mimba, na ambaye mali yake yote iko ndani ya ua mmoja, huogopa kama wengine. Tofauti ni kwamba anaogopa mambo mawili kwa pamoja, na lile la pili linamvuta arudi.

Ni vigumu kumweleza mtu asiyefuga kwamba mifugo ya mjini si anasa wala si mazoea ya kijijini tuliyokataa kuyaacha. Mbuzi wetu huuzwa mwezi wa tisa shule zinapofunguliwa, au usiku mtoto anapolazwa hospitali na mlangoni panatakiwa amana. Kuku ni chumvi na sabuni. Dende, wanyama wadogo ambao Wafaransa huwaita kobayi na wenzetu wa Tanzania huwaita simbilisi, hufugwa jikoni au chini ya kitanda, huzaana haraka, hula maganda na majani ya viazi vitamu, na ndio nyama ya watoto katika nyumba nyingi za Kivu. Watu waliokimbia vita mara nyingi wanawapenda dende kwa sababu wanaweza kuwekwa kwenye kikapu na kubebwa. Mnyama anayebebeka ana thamani kubwa kwa watu wanaohama mara kwa mara, na sisi tumehama mara nyingi mno.

Sasa nirudi kwenye Alhamisi ile. Lori la kwanza lililopita kwenye avenyu yetu lilikataa mifugo, na mwenye gari wa pili alitaka bei ambayo ingelingana na kuuza mbuzi wawili ili kuwaokoa wanne. Tulikodi chukudu. Asiyeijua Goma aelewe kwamba chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo vijana wetu huibebesha magunia ya makaa na viazi hadi uzito unaoshangaza, na siku ile niliona machukudu yakiwa yamebeba wagonjwa, wazee, magodoro na nguruwe waliofungwa miguu. Juu ya ile yetu tuliweka tenga la kuku, katoni mbili za dende na watoto wawili wa mbuzi waliokuwa na umri wa majuma machache. Mbuzi wakubwa walitembea, mbwa wetu akifuata nyuma. Barabara ya Sake, yenye kilomita 25 hivi, ilikuwa imejaa watu kutoka ukingo hadi ukingo.

Kufika Mugunga, jua likiwa kali, mbuzi mwenye mimba akalala chini akakataa kuamka. Kando ya barabara niliona bonde dogo lenye majani mabichi na kivuli kizuri, nikawapeleka wote sita huko ili wapumzike, na nilikuwa nimeanza kufunga kamba ya kwanza kwenye kichaka mzee mmoja alipopiga kelele kutoka juu.

"Mama, toa hao mbuzi humo! Humo mna mazuku!"

Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote nikapanda nao. Mzee alinionyesha ndege mdogo aliyekufa chini ya majani, ambaye sikuwa nimemwona, na nilipomwambia, "Asante sana, papa," alijibu tu kwamba bonde hilo lilikuwa limekwisha kumchukulia mbwa.

Mazuku yanahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo hatari ambayo wakimbizi wa mlima wanaielekea bila kujua. Jina hilo ni la kwetu, na hata wataalamu wa volkano duniani wamelichukua na kulitumia kama lilivyo. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za miamba. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hutulia mabondeni na kwenye mashimo kama maji yanavyotulia kwenye beseni. Usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya, huwa nyingi zaidi. Mtu aliyesimama anaweza kuwa kichwa chake kiko juu ya gesi wakati mbuzi aliyeinama kula, kuku, mbwa na mtoto anayetambaa wamekwisha kuzama ndani yake. Maeneo yenye mazuku yako hasa upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Kyeshero kupita Bulengo na Mugunga kuelekea Sake, yaani kule kule ambako watu hukimbilia Nyiragongo inapopasuka.

Kwa sababu hiyo, mifugo inapopumzishwa kwenye njia ile isifungwe bondeni, hata kama majani ya huko ni mazuri namna gani, bali ifungwe mahali palipoinuka na panapopigwa na upepo, na kabla ya kushuka popote aulizwe mwenyeji, kwa kuwa wenyeji huyajua mashimo yao kama wanavyojua visima. Mnyama akianguka ndani ya shimo, asifuatwe. Ninajua ninachosema ni kigumu, kwani moyo unamtuma mtu aruke kumchukua, lakini gesi iliyomwangusha mbuzi humwangusha pia anayeinama kumnyanyua, na wa tatu anayekuja kumsaidia wa pili. Wengine huwasha kiberiti kupima. Moto huzimika kweli gesi inapokuwa nyingi, lakini mpimaji naye anakuwa amekwisha kuivuta. Nchini Kamerun, mwaka 1986, gesi hiyo hiyo ilitoka kwa wingi katika Ziwa Nyos usiku mmoja, ikaua watu zaidi ya 1,700 na maelfu ya ng'ombe. Ziwa Kivu nalo lina gesi hiyo katika kina chake, na hofu kwamba lava ingeweza kulivuruga ziwa likaitoa ilikuwa mojawapo ya sababu za kutuhamisha 2021. Ziwa lilitulia. Mazuku, kwa upande wake, yapo kila siku.

Tulifika Sake usiku. Shule moja ilikuwa imefungua madarasa kwa wahamaji, na msimamizi alitupokea kwa wema lakini akakataa wanyama wasiingie uani, jambo ambalo sasa ninalielewa, kwa kuwa maji yalikuwa machache, vyoo vilikuwa viwili, na kila mtu aliogopa kipindupindu. Tatizo ni kwamba hakukuwa na mahali pengine palipotayarishwa kwa ajili yao. Mume wangu alilala nje pamoja na mbuzi kwa siku tatu, kwenye mvua, akiwa amejifunika turubai. Wachuuzi walikuja asubuhi ya pili. Walijua tulivyokuwa tumechoka na kwamba majani ya kulishia yalikuwa mbali, wakatoa bei iliyokuwa chini ya nusu ya bei ya Goma, na tuliuza wawili. Niliona watu wakiuza mbuzi mwenye mimba kwa thamani ya gunia la unga. Wataalamu wa mifugo katika majanga wana mwongozo wao unaojulikana kwa kifupi kama LEGS, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na mojawapo ya mambo unayoyashauri ni kuwanunulia wafugaji baadhi ya wanyama mapema na kwa bei ya haki, kabla wanyama hawajakonda na wachuuzi hawajafika. Nilipousoma baadaye nilikumbuka wale wawili.

Nguruwe wa jirani yetu, na kuku kadhaa wa kwetu ambao hatukuweza kuwakamata, walikuwa wamebaki Majengo. Siku ya nne mume wangu alianza kurudi. Aliondoka saa tisa usiku, akatembea hadi mjini, akawapa maji na maganda wanyama wa nyumba tatu, akarudi jioni, na hakuwa peke yake. Aliniambia kwamba njiani kulikuwa na wanaume wengi wanaofanya safari hiyo hiyo, kila mmoja akiwa na sababu yake ndani ya banda. Ardhi ilikuwa bado ikitikisika. Tayari katika siku za kwanza watu kadhaa walikuwa wamekufa kwa kuvuta hewa yenye sumu walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa ikipoa. Kila alipoondoka niliwaambia watoto kwamba amekwenda kutafuta kuni.

Hili si la Goma peke yake. Mwaka 2010 mlima Merapi ulipolipuka nchini Indonesia, wafugaji wa ng'ombe waliokuwa wamehamishwa walikuwa wakipanda tena mchana kwenda kukata majani na kulisha mifugo yao, mpaka serikali ikatangaza kwamba itawanunua ng'ombe hao ili watu wakae chini. Nchini Marekani, tufani ya Katrina ya mwaka 2005 iliwafundisha viongozi kwamba watu wengi hukataa kupanda gari la uokoaji ambalo haliwachukui mbwa na paka wao, na wengine walikufa kwa kubaki nao. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilipitisha sheria inayozitaka serikali za majimbo na miji kuwahesabu wanyama wa nyumbani katika mipango yao ya kuhamisha watu. Japani, baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, eneo la kilomita 20 kuzunguka kinu cha nyuklia lilifungwa wakati maelfu ya mifugo bado imo ndani. Wengi walikufa kwa njaa mazizini, na baadaye serikali ikaagiza waliobaki wauawe kwa ridhaa ya wenye mali, ridhaa ambayo wafugaji wengine walikataa kuitoa. Nchi zenye fedha kuliko sisi zimelipa gharama ya kusahau.

Kuhusu kuwabeba wanyama wenyewe, nitaeleza tuliyojifunza kwa makosa. Kuku hukamatwa kwa urahisi gizani wakiwa wamelala, na wanataka tenga lenye nafasi ya hewa na kitambaa chepesi juu yake ili watulie. Tulipoteza watatu kwa sababu nilirundika wengi mno katika tenga moja na jua likawa kali. Dende hawavumilii joto, wala miili yao haiwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo wanahitaji majani mabichi kila siku hata safarini, na madume wakiwekwa katoni moja hupigana. Mbuzi mzima anaweza kutembea umbali ule wa Sake kwa siku moja akipumzishwa na kunyweshwa, lakini wenye mimba na watoto wabebwe tangu mwanzo, kuliko kungoja waanguke. Nguruwe hawezi kutoa jasho, hivyo akipakiwa kwenye gari amwagiwe maji mara kwa mara, na asichanganywe na nguruwe wa wengine kwa sababu ya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo huwamaliza wote. Hatari ya kuchanganya inawahusu hata kuku na mbuzi: kideri ya kuku na sotoka ya mbuzi na kondoo husafiri na wahamaji, na kundi lililookolewa kwenye lava linaweza kufia kwenye ua wa wenyeji na kuwaambukiza wa wenyeji pia.

Ng'ombe sina ujuzi nao. Wafugaji wa Masisi wanalijua hilo kuliko mimi, isipokuwa jambo moja ambalo wao wenyewe wamenieleza, nalo ni majivu. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira hutoa majivu yanayoangukia malisho, na majivu hayo huweza kubeba florini inayoharibu meno na mifupa ya wanyama, na ikizidi huwaua. Huko Islandi, mlipuko ulioanza mwaka 1783 uliangamiza sehemu kubwa sana ya kondoo wa nchi kwa njia hiyo, na njaa ya watu ikafuata. Majani yaliyokatwa baada ya majivu yakung'utwe na kuoshwa, mapipa ya maji ya mvua yafunikwe, na mabati yasafishwe kabla mvua ya kwanza haijateremsha uchafu ndani ya pipa ambalo mtoto na mbuzi watakunywa kutoka humo.

Mbwa wetu alitupotea Sake siku ya pili. Watu walimfukuza kwa mawe, na kwa kweli siwezi kuwalaumu, kwa kuwa hakuwa amechanjwa na hakukuwa na mtu ambaye angeweza kujua hivyo au kinyume chake kwa kumtazama. Kichaa cha mbwa kipo katika mji wetu, na dalili zikishaonekana kwa binadamu hakuna dawa inayomrudisha. Katika siku zile mbwa walioachwa walikuwa wakizurura makundi kwa makundi katika kartie zilizohamwa, wakiwa na njaa, na waliorudi mapema waliwakuta barabarani. Ruhusa ya kurudi ilipotolewa mwezi wa sita, tulimkuta wetu amelala mlangoni, mbavu zikihesabika, mguu mmoja una kidonda. Alikuwa amerudi peke yake njia yote ile. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo juma lililofuata, na tangu hapo kadi yake ya chanjo inakaa kwenye mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pamoja na kamba ndefu na utepe wa kitambaa wa kumfunga mdomo atakapolazimika kupita katikati ya watu. Mbwa mwenye kadi na kamba hupokelewa mahali ambapo mbwa mwingine hupigwa mawe.

Mwezi Februari mwaka 2024 nilisimama kando ya barabara ile ile nikaona safari yetu ikirudiwa kinyumenyume: watu wa Sake, wale waliotupokea, wakiikimbia vita kuja Goma, na kati yao mama aliyebeba kuku kichwani ndani ya beseni na mvulana aliyevuta mbuzi mmoja. Wengi wao waliishia katika kambi za Bulengo, Mugunga na Lushagala, juu ya miamba yenye mazuku, na wachache waliofika na mbuzi waliwafunga popote palipopatikana nafasi. Nilimwendea yule mvulana nikamweleza habari za mabonde. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza awafunge wapi basi, kwani pale palipoinuka palikuwa pamejaa mahema.

Swali lake ndilo lililonifanya nimwendee shefu wa avenyu yetu. Tumekutana mara tatu nyumbani kwake, wakuu wa nyumba kumi kumi wakiwepo, na tumeandika katika daftari la shule kila mnyama wa avenyu: mbuzi 41, nguruwe 9, mbwa 12, kuku ambao kila mtu alitaja idadi yake kwa kukadiria, na dende ambao hakuna aliyeweza kuwahesabu. Mama mkwe wangu alisisitiza paka waandikwe, nao wakaandikwa. Tumekubaliana ni vijana gani watano watatembea na mbuzi wote pamoja, ili wenye watoto na wazee watangulie bila mzigo huo, tumekubaliana rangi ya kuwapaka mgongoni ili wasichanganyike na wa avenyu nyingine, na wenye machukudu wawili wametaja bei yao mbele ya watu wote. Funguo za mabanda yaliyofungwa zinajulikana ziko wapi.

Ukurasa ambao bado ni mtupu ni wa mahali pa kuwapeleka. Kaskazini kuna mlima wenyewe, mashariki kuna mpaka na masharti yake ya vyeti vya mifugo, magharibi kulikuwa na vita mwaka 2024, na kusini ni ziwa, ambako wenye maboti tuliozungumza nao hawataki kubeba mbuzi siku ambayo watu watakuwa wakigombania nafasi. Tunachotafuta ni shamba lililoinuka, lenye maji karibu, ambalo mwenyewe yuko tayari kutupokelea mbuzi 41 kwa majuma mawili kwa malipo tutakayoelewana mapema na kuyaandika. Kama wewe unayesoma una shamba kama hilo upande wa Minova au popote ambapo boti inaweza kufika, au unamjua aliye nalo, niandikie hapa chini, nami nitampelekea shefu ujumbe wako siku hiyo hiyo.